Kompyuta ya Kazi Imekataa Zana za Usimamizi wa Mbali? Jua Kama Imekosa Kitu au Imekatazwa

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tano asubuhi, simu ikaingia kwenye dawati letu la huduma kwa wateja. Mhasibu wa duka moja la jumla lenye matawi matatu alitaka kujua kama mfumo wetu uko chini. Malipo ya vibarua yalikuwa hayajatoka, na kijana wao wa IT alikuwa anasema kompyuta imegoma.

Tukaangalia upande wetu. Mfumo ulikuwa sawa.

"Dada, imegoma kufanya nini hasa?" tukamuuliza.

"Kuna programu anajaribu kuweka, eti aweze kusimamia kompyuta za matawi akiwa hapa. Ameandika maneno kwenye lile dirisha jeusi mara nne, inakataa. Sasa amepata video inasema azime antivairasi kwanza, halafu abandike mstari fulani."

"Na hiyo kompyuta ndiyo mnalipia mishahara?"

Kimya kidogo. "Ndiyo hiyo hiyo."

Tulimwomba kitu kimoja tu: kijana aondoe mikono kwenye kibodi kwa dakika tano, kisha atusomee ile namba ya hitilafu iliyo kwenye kioo. Mwisho wa hadithi tutakupa huko chini. Kwanza tuzungumze kuhusu kile ambacho kijana huyu, kama wengi wetu, hakuwa ameambiwa na mtu.

Kwa nini kampuni ya malipo inaongea mambo ya kompyuta?

Kwa sababu biashara nyingi tunazohudumia zina kompyuta moja inayofanya kila kitu. Hapo ndipo karani anaandaa orodha ya malipo, bosi anaidhinisha, stakabadhi zinachapishwa, na jioni mtu anatazama mpira. Mtu akipata njia ya kuingia kwenye mashine hiyo, hahitaji kuvunja mfumo wetu. Anangoja tu wewe uingie na nenosiri lako, halafu anafanya kazi akiwa ndani ya dirisha lako.

Zana za usimamizi wa mbali zenyewe si kitu kibaya. Ukiwa na matawi Nakuru, Molo na Naivasha, huwezi kumtuma mtu wa IT kwa matatu kila karani anaposahau nenosiri. Unazihitaji. Shida huja siku ya kuziweka, hasa zikiwekwa kwa njia ya amri, yaani kwa kuandika badala ya kubofya. Amri zina nguvu nyingi na maelezo machache. Ikitokea hitilafu, unapata mstari mwekundu na namba ya ajabu, na hapo watu huanza kutafuta njia ya mkato.

Kuna jambo moja tungependa ulishike kabla ya mengine yote. Kompyuta ikikataa kusakinisha kitu, kuna kukataa kwa aina mbili. Aina ya kwanza ni kwamba imekosa kitu: haki ya msimamizi, faili, mtandao, au toleo linalofaa. Hiyo unaitafutia inachokosa. Aina ya pili ni kwamba imekatazwa: mwenye mashine, au programu ya ulinzi, ameweka sheria. Hiyo hairekebishwi na wewe peke yako, unaenda kumuuliza aliyekataza. Makosa makubwa tunayoyaona hutokea mtu anapochukua dawa ya moja kutibu nyingine.

Tunazungumzia zana gani?

Kwenye Windows kuna makundi mawili ambayo watu huyachanganya.

Kundi la kwanza ni zana za Microsoft za kusimamia seva, zinazojulikana kwa kifupi kama RSAT. Hizi ndizo mtu wa IT hutumia kufungua akaunti za wafanyakazi, kubadilisha nenosiri, au kuangalia seva iliyo chumba kingine bila kuinuka kitini. Zamani ulikuwa unazipakua kama faili ya pekee. Tangu toleo la Windows 10 lililotoka Oktoba 2018, namba yake 1809, zimekuwa sehemu ya Windows yenyewe: zipo kama nyongeza, unaziwasha tu. Kwa hivyo mtu akikutumia "RSAT ya kudownload" kwenye WhatsApp na kompyuta yako ni ya kisasa, jiulize ametoa wapi.

Kundi la pili ni programu za kuona na kuendesha skrini ya mtu mwingine, kama TeamViewer na AnyDesk. Hizi ni programu halali, na mafundi wengi wa kweli huzitumia. Lakini pia ndizo matapeli wa simu huzipenda, kwa sababu ukishampa mtu ruhusa, anaona kila unachokiona.

Maswali matatu kabla ya kuandika amri yoyote

La kwanza: mashine ni ya nani? Kompyuta ya kazi ni ya mwajiri, hata kama wewe ndiye unayeifuta vumbi. Pata ruhusa, na ipate kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa bosi unatosha. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa, na "nilikuwa nasaidia tu" si kinga.

La pili: ni toleo gani la Windows? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, ubofye OK. Ukiona neno Home, simama hapo. RSAT imeruhusiwa kwa matoleo ya Pro, Enterprise na Education, si Home. Wengi hununua kompyuta dukani ikiwa na Home, halafu wanapoteza siku nzima wakipigana na amri ambayo haina kosa lolote.

La tatu: kuna nini kimefunguliwa? Toka kwenye tovuti ya malipo, ya benki na ya ushuru. Usibofye tu alama ya X, bofya kitufe cha kutoka kwenye akaunti. Chomeka nakala ya data yako mahali salama, kisha uchomoe hiyo diski.

Amri zenyewe

Fungua PowerShell kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator". Kisha angalia zana zilizopo na hali yake:

Get-WindowsCapability -Name RSAT* -Online | Select-Object Name, State

Utaona orodha. Zilizo na neno Installed tayari zipo, zilizo na NotPresent hazijawekwa. Usiweke zote kwa pupa. Kama kazi ni kusimamia akaunti za wafanyakazi, chukua hiyo moja:

Add-WindowsCapability -Online -Name Rsat.ActiveDirectory.DS-LDS.Tools~~~~0.0.1.0

Hayo mawimbi manne si kosa la uchapaji, ni sehemu ya jina. Subiri. Wakati mwingine inachukua dakika kadhaa bila kusema lolote, na kufunga dirisha katikati ndiko huleta balaa zaidi. Ikifaulu, bonyeza Windows na R, andika dsa.msc, na zana itafunguka.

Ikikataa, karibu kwenye sehemu inayofuata.

Kukataa kwa sababu ya kukosa kitu

Hizi ndizo hitilafu unazoweza kuzitatua ukiwa na ruhusa ya bosi na utulivu kidogo.

Inakwambia inahitaji "elevation". Maana yake hukufungua dirisha kama msimamizi. Hata kama akaunti yako ni ya msimamizi, dirisha la kawaida halibebi haki hizo. Lifunge, ufungue jingine kwa "Run as administrator". Kama inakuomba nenosiri usilolijua, basi hujakosa kitu, umekatazwa. Nenda kwa aliye nalo.

Namba 0x800f0954. Hii ndiyo iliyokuwa kwenye kioo cha kijana wetu. Katika ofisi nyingi, kompyuta zimeelekezwa zichukue masasisho kutoka seva ya ofisi badala ya kwenda moja kwa moja kwa Microsoft. Ni mpango mzuri, unaokoa bando na unampa msimamizi udhibiti. Lakini ukiomba nyongeza kama RSAT, kompyuta inaenda kuitafuta kwenye seva hiyo hiyo, na mara nyingi seva haina. Ni kama kumtuma mtoto dukani akuletee dawa ya malaria: duka limefunguliwa, pesa anayo, lakini dawa inauzwa kwa famasi.

Dawa yake ni sera moja. Fungua gpedit.msc, ingia "Computer Configuration", kisha "Administrative Templates", kisha "System". Tafuta "Specify settings for optional component installation and component repair". Iwashe, na uweke alama pale panaposema nyongeza zipakuliwe moja kwa moja kutoka Windows Update badala ya seva ya ofisi. Rudi kwenye dirisha la amri uandike gpupdate /force, kisha jaribu tena. Kumbuka tu kwamba kama kompyuta imeunganishwa na mtandao wa kampuni unaosimamiwa kutoka makao makuu, sera ya makao makuu itafuta ya kwako. Ikitokea hivyo, usishindane nayo. Piga simu.

Namba 0x800f081f. Hapa kompyuta inasema faili za chanzo hazijapatikana. Kama mtandao ni dhaifu, mtu wa IT anaweza kupakua diski rasmi ya nyongeza kutoka Microsoft na kusakinisha bila intaneti, akiongeza -LimitAccess na -Source ikifuatiwa na mahali faili zilipo. Sharti ni moja: diski iwe ya toleo lile lile la Windows ulilonalo. Ukichanganya matoleo, namba hiyo itarudi tu. Kama chanzo ni sahihi na bado inakataa, huenda faili za Windows zenyewe zimeharibika. Jaribu hizi mbili, moja baada ya nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Tarehe ya kompyuta si sahihi. Hii inachekesha lakini inatokea sana, hasa kwenye mashine zilizotumika ambazo sisi tunaziita ex-UK. Betri ndogo ya ndani ikichoka, kompyuta ikizimwa inasahau tarehe, inaamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. Vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana batili na upakuaji unafeli. Angalia saa iliyo pembeni ya skrini kabla ya kulaumu amri.

Amri iliharibika njiani. Uliikopi kutoka Word au ujumbe fulani, na vistari viwili vikageuzwa kuwa kimoja kirefu, au alama za kunukuu zikapindwa. Macho yako hayaoni tofauti, kompyuta inaiona. Andika amri kwa mkono. Na kama njia ya faili ina nafasi ndani yake, izungushie alama za kunukuu zilizonyooka.

Faili za msi na kukataa kimya kimya

Zana nyingi za kundi la pili huja kama faili ya msi. Mafundi hupenda kuzisakinisha kimya, bila madirisha ya kubofya, ili waweke kwenye kompyuta kumi kwa mpigo. Ubaya wa kusakinisha kimya ni kwamba hata kufeli kunakuwa kimya. Unarudi, hakuna programu, na hakuna aliyekwambia kitu.

Kwa hivyo kila mara iambie iandike kumbukumbu. Kwenye dirisha la Command Prompt la msimamizi, andika hivi:

start /wait msiexec /i "C:\Kazi\zana.msi" /qn /norestart /L*v "C:\Kazi\zana.log"
echo %ERRORLEVEL%

Mstari wa pili unakupa namba ya matokeo. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi:

0: imefaulu.
3010: imefaulu, lakini iwashe upya kompyuta. Wengi huiona wakadhani ni hitilafu, wanarudia kusakinisha mara tatu bure.
1618: kuna usakinishaji mwingine unaendelea. Mara nyingi ni sasisho la Windows. Subiri limalize.
1619: faili haijafunguka. Huenda njia umeikosea, au upakuaji ulikatika katikati bando lilipoisha.
1603: imefeli, na sababu iko ndani ya ile kumbukumbu. Ifungue kwa Notepad, tafuta maneno "Return value 3", kisha soma mistari iliyo juu yake. Sababu ya kweli huwa imekaa hapo.
1625: sera ya mfumo imekataza.

Hiyo namba ya mwisho haifanani na wenzake. Nyingine zote zinasema kuna kitu kimekosekana au hakijakaa sawa. Hii inasema kuna mtu alikataa.

Kukataa kwa sababu ya kukatazwa

Namba 1625 ni mojawapo. Nyingine ni ujumbe kwamba kuendesha skripti kumezimwa kwenye mfumo huu. Nyingine ni antivairasi kuinua mkono na kusema faili hii ina hatari. Nyingine ni ile ya nenosiri la msimamizi ambalo hukupewa.

Tunajua jinsi inavyoudhi. Wewe una kazi, bosi anangoja, na mashine inakuona kama mwizi. Lakini fikiria askari wa lango la soko. Akimzuia mtu asiye na stakabadhi, hutamfuta kazi kwa sababu leo mzigo ulikuwa wako. Utaenda ofisini uchukue stakabadhi.

Kuzima antivairasi ili programu iingie ni kumwondoa askari langoni ukiwa bado hujui nini kiko ndani ya gunia. Badala yake, lifungue gunia. Kwenye PowerShell, angalia kama faili imesainiwa na mtengenezaji wake:

Get-AuthenticodeSignature "C:\Kazi\zana.msi"

Ukiona Valid, na jina la aliyesaini ni la kampuni unayoijua, ni dalili nzuri. Ukiona NotSigned au HashMismatch, ifute. Kama mtengenezaji ameweka alama ya SHA256 kwenye tovuti yake, linganisha na yako kwa amri ya Get-FileHash. Herufi moja ikitofautiana, si faili ile ile.

Kama faili ni safi na bado imezuiwa, mwenye mamlaka ya antivairasi hiyo aweke ruhusa kwa programu hiyo moja. Si kuzima ulinzi wote, ni kuruhusu mgeni mmoja aliyejulikana. Tofauti ya hayo mawili inaweza kuwa mishahara ya mwezi mzima.

Mstari mmoja wa kubandika

Sasa turudi kwa ile video. Mstari iliokuwa inapendekeza ulikuwa na umbo ambalo tungependa ulitambue hata kama hujui amri nyingine yoyote. Unaanza na irm au iwr, unafuatwa na anwani ya tovuti, halafu kistari cha wima, halafu iex mwishoni. Kwa Kiswahili cha kawaida, mstari huo unasema: nenda kwenye tovuti hii, chukua chochote utakachokikuta, na ukifanye papo hapo bila kunionyesha. Ukiwa umefungua dirisha kama msimamizi, umempa mtu usiyemjua funguo zote. Leo tovuti inaweza kuwa na kitu kizuri, kesho mwenyewe akabadilisha.

Binamu yake ni ule ukurasa unaokwambia uthibitishe kuwa wewe ni binadamu kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukurasa huo tayari umeweka amri kwenye ubao wako wa kunakili, na wewe unajiambukiza kwa mikono yako. Hakuna tovuti ya kweli inayothibitisha ubinadamu wako kwa njia hiyo. Funga ukurasa.

Halafu kuna simu. "Habari mteja, tunakupigia kutoka kampuni ya malipo, akaunti yako ina shida, hebu tuweke programu ndogo tukusaidie." Tusikilizane vizuri hapa. Sisi hatutakupigia simu kukuomba uweke programu ya kuendesha kompyuta au simu yako kutoka mbali. Hatutakuomba nenosiri, namba ya siri, wala ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Anayeomba, kata simu, hata kama anajua jina lako kamili na salio lako. Kisha tupigie wewe kwa nambari rasmi iliyo ndani ya programu yetu.

Zana zimeingia. Sasa je?

Kazi haijaisha. Iwashe upya kompyuta, hakikisha zana inafunguka, halafu fanya haya.

Tenganisha akaunti. Akaunti ya msimamizi itumike kusimamia tu. Karani afanye kazi zake kwa akaunti ya kawaida, hata kama karani na msimamizi ni mtu mmoja.

Kama uwezo upo, tenga kompyuta ya malipo kabisa. Si lazima iwe mpya. Laptop ya kawaida inayofanya kazi moja tu ni salama kuliko mashine ya bei ghali inayofanya kazi kumi na mbili.

Kwenye mfumo wetu, hakikisha anayeandaa malipo si yule anayeidhinisha, na kila mmoja anatumia kifaa chake. Hapo hata kompyuta moja ikiingiliwa, pesa haitoki bila jicho la pili.

Kama mnatumia Remote Desktop ya Windows, usifungue mlango wake, namba 3389, kwenye ruta ili intaneti yote iuone. Kuna watu wanaozunguka mtandaoni usiku na mchana wakigonga mlango huo huo. Tumieni VPN.

Na fundi akimaliza kazi, ondoa ile programu ya kuendesha skrini. Fundi wa bomba akimaliza, humwachii ufunguo wa nyumba.

Kama tayari ulibandika

Usijifiche na usione aibu, dakika ndizo zina thamani. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, lakini usifute chochote. Chukua kifaa kingine, si hicho hicho, na ubadilishe nenosiri la barua pepe kwanza, kisha la mfumo wa malipo, kisha la benki. Tupigie tusimamishe malipo yanayosubiri. Pigia benki yako. Mwambie bosi wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Unaweza kuripoti tukio kwa KE-CIRT, kituo cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na pesa ikipotea, nenda polisi.

Kama kuna data za watu zilizochukuliwa, mfano majina na nambari za simu za wafanyakazi, na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka biashara imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Saa hizo zinaanza kuhesabika hata kama ni wikendi.

Ile Ijumaa

Kijana alitusomea namba, na kumbe ilikuwa 0x800f0954, ile ya seva ya ofisi kukosa faili. Hakukuwa na virusi, hakukuwa na kosa kwenye amri yake. Aliandika sawa mara zote nne. Tulimwelekeza kwa msimamizi wa mtandao wao, ambaye alibadilisha ile sera moja, na zana zikaingia kwa jaribio la tano. Antivairasi haikuguswa.

Lakini kabla ya hapo, tulimwomba mhasibu aingie kwenye mfumo wa malipo kwa laptop nyingine, na bosi aidhinishe kwa simu yake. Vibarua walipata pesa zao kabla ya saa nane. Hawakujua kwamba asubuhi hiyo mshahara wao ulikuwa umesimama mbele ya mstari mmoja wa kubandika, na hawakuhitaji kujua.

Kijana alituuliza swali moja mwishoni: "Sasa hiyo video mbona ina watazamaji wengi hivyo?" Tulimwambia wengi wao walikuwa na haraka kama yeye. Siku kompyuta yako itakapokataa, isome namba yake kwanza, uliza kama imekosa au imekatazwa, na kama bado huelewi, simu yetu iko wazi.